Egregious: neno lililotoka kundini

Barua pepe ilikuwa na mistari minne. Wa kwanza ulinishukuru kwa kumwandikia mwanafunzi wangu barua ya kumpendekeza. Wa pili ulisema maombi yake ya ufadhili yamefika salama. Wa tatu, kwa adabu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka, uliuliza kama lipo neno katika aya ya pili ya barua yangu ambalo ningependa kulitazama tena kabla kamati haijakaa. Wa nne ulikuwa jina la aliyeandika.

Neno lenyewe ni "egregious". Niliandika kwamba binti huyu alionyesha "egregious performance in geometry", nikiamini nimesema kuwa kazi yake ya jiometri ilikuwa ya kipekee. Kumbe nilikuwa nimesema, kwa sentensi isiyo na doa la kisarufi, kwamba alivurunda jiometri kwa namna ya kutisha. Tena sentensi haikuishia hapo. Iliendelea kueleza kuwa hilo ndilo lililomtenga na wenzake wote darasani.

Niliisoma ile barua pepe mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani wameona kosa la tahajia, nikahesabu herufi moja moja, zote tisa, zikatimia. Mara ya pili nikapandwa na hasira kidogo: hawa nao, hawajui Kiingereza? Mara ya tatu ndipo nikafungua kamusi, na kamusi haikunizungusha. Baya kupita kiasi. La kushtua kwa ubaya wake. Chini kabisa, na alama ya kuonyesha kwamba matumizi hayo yamekwisha kufa, palikuwa na maana nyingine: bora, mashuhuri, wa kutajika. Maana yangu ilikuwepo, ila nimeikuta kaburini.

Nieleze nilivyoipata, kwa sababu sikuiokota njiani.

Mimi nafundisha hisabati. Zamani nilipokuwa najifunza jiometri ya nyuso zilizopinda nilikutana na theoremu, yaani kauli ya hisabati iliyothibitishwa, iitwayo Theorema Egregium. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliiandika kwa Kilatini mwaka 1827, na hakuna mwanafunzi wake aliyeipa jina hilo baadaye kwa kumbembeleza. Ni yeye mwenyewe aliyeiita "egregium", yaani ya ajabu, ya kutajika. Gauss hakuwa mtu wa kujimwagia sifa. Alichapisha machache kuliko aliyoyajua, na akikueleza kwamba theoremu fulani ni ya ajabu, unakaa vizuri kwenye kiti.

Na kweli ni ya ajabu. Chukua karatasi uizungushe iwe kama bomba. Haikuvutika wala haikuchanika, na umbali kati ya nukta mbili zilizochorwa juu yake, ukifuata karatasi yenyewe, ni uleule. Sasa jaribu kuufunika mpira kwa karatasi hiyohiyo. Inagoma. Itajikunja hapa, itabinuka pale, ukilazimisha itapasuka. Gauss alionyesha kwamba kila uso una kipimo cha kupinda kwake ambacho hakibadiliki hata uukunje vipi, mradi usiuvute. Kwa karatasi bapa kipimo hicho ni sifuri, kwa bomba pia ni sifuri, ndiyo maana karatasi inakubali kuwa bomba. Kwa tufe lenye nusu kipenyo R, kipimo ni moja gawanya kwa R kipeo cha pili, na hesabu hiyo haiwezi kutoa sifuri hata siku moja. Hakuna basi ramani bapa ya dunia isiyodanganya mahali fulani. Ile ya Mercator ya mwaka 1569 inaichora Greenland ikakaribia kutoshana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Gauss alikuwa ameongoza upimaji wa ardhi ya Hanover, huko Ujerumani, akizunguka na vyombo vya kupimia pembe, kwa hiyo alijua uchungu wa kulaza dunia ya mviringo juu ya meza.

Lakini kilichoniteka mimi ni jambo jingine. Kipimo hicho kinajulikana kutoka ndani. Mfikirie sisimizi anayeishi juu ya tufe, asiyejua kwamba kuna juu wala chini, asiyeweza kuruka akajitazame kutoka mbali. Akichora pembetatu kubwa vya kutosha na kujumlisha pembe zake, akaona zimezidi nyuzi 180, tayari amejua ulimwengu wake umepinda. Anzia Ncha ya Kaskazini, teremka moja kwa moja hadi ikweta, tembea robo ya ikweta, kisha panda urudi nchani. Umefanya pembe tatu za nyuzi 90, jumla 270. Hukuhitaji kutoka nje ya uso ili kuujua.

Sasa mtu aliyeishi miaka mingi na "egregium" kama jina la heshima, ukimpa karatasi aandike sifa za mwanafunzi bora aliyewahi kumfundisha, atafanya nini? Nilijua Kiingereza kina mtindo wa kuchukua neno la Kilatini linaloishia na -ium na kulivika -ious. "Studium" limezaa "studious", mtu wa kusoma. "Odium" limezaa "odious", la kuchukiza. Nikaunga na la tatu. Sikuwa nimewahi kulisikia likitamkwa wala kulisoma katika gazeti, lakini nililiona likinijia kwa utulivu wa jibu la hesabu. Nililipima neno kutoka ndani, kama sisimizi.

Nilirekebisha barua siku hiyohiyo. Nikaweka "outstanding", neno la kawaida ambalo kila mtu ameshalichoka, nikaomba radhi, nikajibiwa kwamba hakuna tatizo. Ila sikuweza kuliacha lile neno liende zake. Nililifuata kwa miezi, kama unavyomfuata mtu aliyekudanganya ili tu ujue anakaa wapi.

Anakaa pazuri, kwa kweli. Mzizi wake ni "grex", kundi la mifugo kwa Kilatini, na "e grege" ni kutoka kundini. Aliyeitwa egregius ni yule ambaye mchungaji akitupa jicho mara moja humwona wa kwanza, maana amesimama nje ya wengine. Kutoka kundi hilohilo Kiingereza kimepata "congregate", kukusanyika pamoja, na "segregate", kutenga, na "aggregate", kujumlisha vitu vikawa kimoja, na "gregarious", mpenda watu, ambalo mwanzoni lilihusu wanyama wanaoishi kwa makundi. Ndugu zake wote wanaeleza tu kinachotendeka kundini. Huyu peke yake ndiye aliyejifunza kutukana.

Hakuzaliwa akitukana. Mwaka 1590 ulichapwa mchezo wa Christopher Marlowe uitwao Tamburlaine, wenye sehemu mbili. Sehemu ya pili inafunguliwa na mfalme Orcanes akiwahutubia wakuu wenzake wa mashariki kwa maneno "Egregious viceroys", na hakuna aliyechomoa upanga. Aliwapa heshima yao. Miaka ishirini hivi baadaye, katika Cymbeline ya Shakespeare, Posthumus anatambua kwamba mke wake, ambaye yeye Posthumus aliamuru auawe, hakuwa na hatia yoyote, naye anajigeukia na kujiita "egregious murderer". Muuaji asiye na mfano. Neno ni lilelile, na kwa wakati huo sifa na laana zilikuwa bado zinakaa nyumba moja. Nomino iliyofuata ndiyo iliyoamua nani atoke mlangoni. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 aliandika maana zote mbili, akaongeza kwamba ile mbaya ndiyo ya kawaida. Nzuri ilikuwa imeshaanza kufungasha mizigo.

Nini kilitokea katikati? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ilikuwa kejeli, na mimi nayaamini kwa sababu nimeyasikia yakitokea mdomoni mwa watu wetu kila siku. Tunasema fulani ni bingwa wa uongo. Tunasema yule ni stadi wa kukopa. Hatumsifu. Tunachukua neno la sifa tukalibandika mahali pasipo pake, na msikilizaji anacheka kwa sababu anajua mahali pake halisi. Fanya hivyo kwa miaka mia, watu wengi kwa pamoja, na utafika wakati ambapo msikilizaji hajui tena kwamba kulikuwa na utani. Anajua tusi tu. Bahati yetu ni kwamba "bingwa" bado anashinda mashindano na kupewa kombe, utani haujamla.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kimekwenda mbali kuliko hapo. Mjuzi na mjuaji wametoka kwenye kitenzi kimoja, kujua, hawana tofauti isipokuwa mkia. Mjuzi unamwita akusaidie. Mjuaji unamkwepa. Na upande wa pili vijana wanayapandisha maneno ambayo wazee waliyaogopa: wimbo ukiwa mzuri sana ni hatari, mchezaji akiwa mahiri ni balaa, na chochote kinachopendeza ni kikali. Kiingereza nacho kimefanya hivyo. "Terrific" lilikuwa la kutia hofu kabla halijawa la kusifia. Kwa hiyo neno linaweza kupanda au kushuka ngazi, na mzizi wake hausemi litaelekea wapi. Mwanafunzi wangu angekosa ufadhili kwa sababu mimi nilidhani unasema.

Halafu nikagundua kitu kilichonipa faraja ya kitoto. Ndugu zake wa ng'ambo hawakuharibika. Waitaliano mpaka leo wakiandika barua rasmi huweza kuianza kwa "Egregio", na anayeipokea hujiona ameheshimiwa. Nchini Brazili wanasheria huiita mahakama ya juu "egrégio tribunal", yaani mahakama tukufu. Weka hilo kando ya Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 2016, katika kesi ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kati ya kampuni za Halo na Pulse, ilisema kwamba fidia ya kuongezwa, inayoweza kufika mara tatu ya kawaida, kwa jumla iachwe kwa visa ambavyo ni "egregious", pale mvunjaji wa hataza alipofanya jambo baya kuliko uvunjaji wa kawaida. Neno moja la Kilatini, mahakama mbili. Kule anaitwa hivyo hakimu, huku anaitwa hivyo mkosaji. Ningekuwa nimeandika ile barua kwa Kireno, ningekuwa nimeandika vizuri tu.

Sasa matumizi, maana kujua maana ni nusu ya safari na kwangu mimi ilikuwa nusu nyepesi.

Matamshi kwanza, nipite haraka. Linaandikwa kama linalotaka silabi nne lakini wengi hulitamka kwa tatu: i-GRI-jas, "gri" ikivutwa kidogo. G ya kwanza ni ya "gari", ya pili ni ya "jana". Mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, palepale ambapo ulimi wa Mswahili umezoea kuuweka, kwa hiyo ni mojawapo ya maneno ya Kiingereza ambayo tukiyatamka kwa mazoea yetu tunapatia.

Baada ya hapo nililazimika kuangalia linatembea na nani. Mwanaisimu J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wale linaofuatana nao, na sijaona kivumishi kinachomthibitishia zaidi ya hiki. Wenzake ni wachache na wanajulikana: kosa, ukiukaji wa haki, uvunjaji wa mkataba, matumizi mabaya ya madaraka, mwenendo mbaya, dhuluma. Nilipokusanya sentensi nyingi nikaona jambo ambalo kamusi haikulitaja, kwamba karibu kila mara kuna mtu wa kulaumiwa. Mvua haiwi "egregious" hata ikizoa nyumba. Maumivu ya kichwa hayawi. Lakini mtu aliyejua mvua inakuja, mwenye kazi ya kuonya, akanyamaza, kunyamaza kwake kunaweza kuwa. Lazima pawe na kipimo cha mwenendo kilichovukwa, na aliyekivuka awe na akili zake.

Lazima pia pawe na kundi. Hapo ndipo mzizi uliponifaa, kwa kuchelewa. Kiingereza kina maneno mengi ya kukaribiana na hili, na kila moja linalitazama kosa kwa jicho lake. "Glaring" ni kosa linalopiga macho kama jua; aliyelifanya anaweza kuwa hana nia mbaya hata kidogo. "Flagrant" limetoka kwenye Kilatini cha kuwaka moto, na ni la mtu anayekosea hadharani bila haya, moto ukiwa bado unawaka. "Blatant" lilitungwa na Edmund Spenser mwaka 1596 kwa ajili ya mnyama wa kashfa mwenye ndimi nyingi, na kelele zake bado zinasikika ndani ya neno. "Egregious" ni tofauti. Linachukua makosa yote ya aina hiyo, linayapanga kama mifugo, kisha linaonyesha moja kwa kidole: lile pale, lililotoka nje ya mengine. Ni neno la kulinganisha. Ndiyo maana linapendana sana na "most", utaliona limeandikwa "the most egregious" kila mahali, ingawa mtu mkaidi angeuliza inakuwaje kuwe na aliyetoka zaidi kuliko waliokwisha kutoka. Mimi nilikuwa mkaidi huyo kwa wiki moja, nikaacha. Lugha haina muda wa kunisubiri.

Kielezi chake ni "egregiously", nacho kina nguvu zake. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani, ikifuta hukumu ya mwaka 1973 kuhusu utoaji mimba, iliandika kwamba hukumu ile ilikuwa "egregiously wrong" tangu mwanzo. Ukubaliane nao au usikubaliane, angalia kazi ya kielezi hicho. "Wrong" peke yake lingesema majaji wa zamani walikosea, jambo linalompata jaji yeyote. Kielezi kinasema walikosea kwa namna ambayo jaji hakutakiwa kukosea. Kinawatoa kundini.

Nililielewa neno vizuri, basi likaniharibu.

Kwa mwaka mzima kila kitu kilikuwa "egregious". Mwanafunzi akisahau alama ya kutoa, nilimwandikia pembeni "egregious". Nukta iliyokosekana mwisho wa sentensi, "egregious". Nilikuwa kama mtu aliyenunua nyundo mpya. Mwenzangu tunayesahihisha naye mitihani aliyavumilia hayo hadi siku moja aliposukuma rundo la karatasi zangu upande wangu wa meza akaniuliza, "Sasa ndugu yangu, ukikutana na kosa kubwa utaliitaje?"

Sikuwa na jibu. Neno hili haliwezi kuwa la kila siku. Ukiwatoa wote kundini, umehamisha kundi tu, hujamtoa mtu. Nikarudi kwenye kuandika "alama imekosewa", ambayo ndiyo iliyomsaidia mwanafunzi tangu awali. Tangu hapo nimelitumia kwa dhati labda mara mbili, na mojawapo nililifuta.

Kinachonisumbua bado ni namna ya kulisema kwa Kiswahili. Nilimpelekea rafiki yangu mfasiri sentensi yenye "egregious error", nikidhani atanirudishia jibu kabla chai haijapoa. Tulibishana jioni nzima. "Kosa kubwa" alilitupa mwenyewe kwa kuwa linafaa kila mahali. "Kosa la wazi" nikamwambia hilo ni "glaring", umebadilisha ndugu. "Kosa sugu" lilitupendeza kwa sekunde chache, kwa sababu ya ule ugumu wa ngozi iliyosuguliwa muda mrefu, lakini usugu unataka kurudiarudia, na kosa la aina hii linaweza kufanywa mara moja tu na likatosha. "Lililokithiri" linahesabu wingi. Kwa watu mambo ni rahisi zaidi: "egregious liar" ni mwongo aliyekubuhu, na sidhani kama kuna lugha inayoweza kulipata vizuri kuliko hapo. Ila kosa halikubuhu. Anayekubuhu ni mkosaji.

Nikamtajia "la kipekee", lile nililodhani naliandika katika barua. Akatikisa kichwa. Kosa la kipekee, alisema, linaweza kuwa hata la kuvutia, unaweza kulitundika ukutani. Na alikuwa sahihi. Jambo la kushangaza ni kwamba picha iliyomo ni ileile ya Kilatini: aliye peke yake, aliyesimama nje ya wengine. Kiswahili kimeichukua picha hiyo kikaipeleka njia mbili. Mwenye sifa tumempa upekee. Aliyeachwa tumempa upweke. Kiingereza, kwa "egregious", kimemchukua yuleyule aliyesimama peke yake kikamshtaki.

Mwishoni tulishikamana na "lisilo na kifani". Kosa lisilo na kifani. Si tafsiri kamili, rafiki yangu alilikubali huku amenuna, lakini ukilitazama utaona lina tabia moja ya ajabu. Tunasema ushujaa usio na kifani. Tunasema ukatili usio na kifani. Lenyewe halina upande. Nomino ndiyo inayolipa upande, kama "egregious" lilivyokuwa siku za Marlowe na Shakespeare, kabla halijachagua. Na Kiswahili kinaweza kumudu neno la namna hiyo bila ajali, kwa sababu kwetu nomino hutangulia. Ukifika kwenye "lisilo na kifani" umeshajua tunazungumzia kosa, na ukifika kwenye "usio na kifani" umeshajua kama ni ushujaa au ukatili. Mwingereza anatanguliza kivumishi, msomaji wake anaingia gizani, na neno la kwanza ndilo linalomwambia akunje ngumi au akunjue mkono. Ile kamati ilisoma "egregious" ikakunja ngumi. "Performance in geometry" ilipofika, ilikuwa imechelewa.

Yule binti alipata ufadhili. Sikumwambia lolote mpaka alipokuwa amemaliza mwaka wa kwanza huko aliko, ndipo siku moja akanipigia simu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kuna jambo nataka nikukiri."

Nikamweleza yote, barua, kamati, Gauss, kundi la kondoo. Alicheka hadi nikasikia simu inamponyoka. Aliporudi akaniomba nimsomee ile aya kama ningeiandika kwa Kiswahili, na mimi, nikiwa bado na ulevi wa ile jioni na mfasiri, nikamwambia kwamba ningeandika kuwa kazi yake ya jiometri haikuwa na kifani.

Akanyamaza kidogo.

"Sawa Mwalimu," akasema. "Upande gani?"